Kabla Hujaiuza Mashine kwa Kilo

Ukipita vijijini siku hizi, nyuma ya vibanda vingi vya kusagia utakuta kitu kilekile: injini ya dizeli ya silinda moja, magurudumu yake mawili mazito yamefunikwa na majani, pipa la maji limetoboka kwa kutu, na kuku wamepata pa kutagia. Nguzo za umeme zimefika, mwenye mashine amefunga mota, na ile injini iliyosaga mahindi ya kijiji miaka nenda rudi inamsubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Akija ataipima kwa kilo. Naandika haya kwa ajili ya wale ambao bado hawajakubali bei ya kilo, hasa wale ambao nguzo zimeishia mabonde mawili kabla ya kufika kwao.

Injini hizi zinazalisha umeme, tena umeme mzuri. Nimefunga kadhaa huku nyanda za juu kusini, na nimeitwa mara nyingi zaidi kurekebisha zilizofungwa na wengine. Karibu kila nilipoitwa, lalamiko lilikuwa la umeme: taa zinapepesa, beringi za jenereta zimekufa, mkanda unaruka, waya zimekatika ndani ya boksi. Na karibu kila mara ubovu niliukuta chini, pale injini ilipokaa. Mtetemo ndio ulioanza, hayo mengine yakafuata. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua saruji. Jenereta itasubiri.

Lakini kabla ya saruji, piga hesabu ya mafuta, maana huenda hesabu hiyo ikakuambia uache. Lita moja ya dizeli katika injini ya namna hii, baada ya kutoa kinachopotea kwenye mkanda na ndani ya jenereta, inakupa uniti mbili, au mbili na nusu ukiwa umeibebesha mzigo wa kutosha. Chukua bei ya lita mahali ulipo, igawe kwa mbili, hiyo ndiyo bei ya uniti yako. Ni ghali. Mtu anayetaka taa nne na kuchaji simu anunue sola na aiache injini. Anayefaidika ni yule mwenye kazi nzito ya saa chache: pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni, randa ya seremala, jokofu la maziwa, zahanati inayohitaji akiba ya umeme wakati wa wiki za ukungu na mvua ambazo paneli haioni jua. Kwa huyo, injini iliyokwisha kulipiwa zamani ni mali.

Tuijue basi. Nyingi ya hizi, ambazo mafundi huziita zote Lista hata zisipokuwa na jina hilo, ni za ukoo mmoja. Asili yake ni injini ya Lister aina ya CS, iliyotengenezwa Dursley, katika jimbo la Gloucestershire nchini Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Iliyoenea zaidi ni ile ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Baadaye viwanda vya India, hasa vya mji wa Rajkot katika Gujarat, viliiga umbo hilohilo, na hizo ndizo zilizojaa kwetu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 114 na pistoni husafiri karibu milimita 140. Linganisha na jenereta ndogo za kisasa zinazozunguka mara 3,000 kwa dakika: kwa saa moja ya kazi, pistoni ya Lista imepanda na kushuka chini ya robo ya mara hizo. Ndiyo maana unaikuta injini ya babu bado inawaka.

Farasi 6 ni kilowati 4.5 kwenye shafti. Kwenye waya tegemea kilowati 3, na huo ni ukweli wa pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa mtu wa Njombe, aliye karibu mita 2,000 juu ya bahari, hesabu iwe kilowati 2 na nusu. Kumbuka pia kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya umeme wake wa kawaida, kwa muda mfupi. Pampu ya farasi 1 itawaka bila shida. Ya farasi 3 itaizima injini.

Sasa mtetemo, ambao ndio kiini cha maneno yangu.

Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena. Kila inapogeuzwa, mwili wa injini nao huvutwa. Kwa mwendo wa mizunguko 650, kila kilo moja ya chuma kinachopanda na kushuka huvuta kwa nguvu sawa na uzito wa takribani kilo 33. Pistoni, pini yake, ringi na kichwa cha konrodi havipungui kilo 3. Basi ni kama mtu mnene wa kilo 100 ananyanyua injini na kuikandamiza, karibu mara 11 kila sekunde, kutwa nzima. Kiwanda hupunguza mvuto huo kwa kuweka chuma cha ziada upande mmoja wa kila gurudumu, mkabala na krenki. Lakini chuma hicho, kinapozunguka, hakivuti juu na chini peke yake. Huvuta pia mbele na nyuma. Unachopunguza huku kinajitokeza kule. Injini ya silinda moja haitulizwi kabisa kwa namna hiyo, na fundi anayekuahidi kwamba ataifanya isitikisike hata kidogo hajui anachokisema. Kinachowezekana ni kuifunga kwenye kitu kizito kiasi kwamba mvuto ule haukifanyi chochote.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Wanakata matairi ya lori, wanayaweka chini ya injini, wakiamini mpira utameza mtetemo. Nimekuta hata magodoro. Fikiria mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa mapigo yanayolingana na mwendo wa bembea yenyewe, msukumo wa kidole unampeleka juu sana. Injini iliyokaa juu ya mpira ni bembea. Ina mapigo yake, na vipande vya tairi mara nyingi huyaleta mapigo hayo karibu kabisa na yale 11 kwa sekunde ya injini. Matokeo yake ni kuruka, si kutulia. Na hata ukipita hapo salama, mlipuko ndani ya silinda hutokea kila mizunguko miwili, yaani mara 5 na kitu kwa sekunde, na huo nao unasukuma. Mpira wa kuyakwepa mapigo yote mawili ungepaswa kuwa laini mno, na injini ingeyumba kama mtumbwi. Achana na mpira. Funga chuma kwenye zege, zege likae kwenye udongo ulioshindiliwa.

Ukubwa wa zege: uzito wake uwe mara tatu hadi tano ya uzito wa injini, na mimi hupenda kuzidisha. Injini na magurudumu yake ni kilo 350 hivi. Chimba urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 50. Hiyo ni mita za ujazo 0.9, na zege lake litakuwa tani 2 na ushee. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, utatumia mifuko sita ya kilo 50. Urefu huo wa mita 2 uelekee kule mkanda unakokwenda, kwa sababu mbili: jenereta ni lazima ikae kwenye zege lilelile la injini, na huo ndio upande ambao injini hujaribu kupiga kichwa chini na juu kama mbuzi anayekula. Jenereta ikikaa kwenye sakafu yake peke yake, mkanda utavutwa na kulegezwa kila pigo, na beringi hazitamaliza mwaka.

Zege hilo lisiguse msingi wa nyumba. Acha nafasi ya upana wa kiganja pande zote, uijaze mchanga mkavu. Nilishaona ukuta wa tofali za kuchoma ukipasuka kuanzia kona ya dirisha kwa sababu tu mtu aliona ni nadhifu zaidi kuunganisha zege na sakafu. Udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimba zaidi, toa, jaza changarawe kwa tabaka, shindilia kila tabaka.

Bolti zinataka subira. Tengeneza kigezo cha ubao: weka ubao chini ya kitako cha injini, weka alama za matundu manne, toboa. Ning'iniza bolti zako, za unene wa milimita 16 na urefu wa sentimita 40, kwenye ubao huo, kila moja ikiwa imechomelewa kipande cha bati nene mwishoni ili ising'oke. Sehemu ya juu ya kila bolti ivishe bomba la plastiki, kipenyo cha milimita 50. Ukimwaga zege, bomba litaacha uwazi, na siku ya kupandisha injini utaweza kuisogeza bolti kidogo na kuingiza tundu lake bila kugonga kwa nyundo. Mwaga zege siku moja bila kukatisha. Funika kwa magunia, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Siku 7 usiguse. Zege hukomaa vizuri kufikia siku 28, na kama huna haraka subiri zote.

Juu ya hiyo subira sitanii. Nilimfungia mzee mmoja injini, nikamwomba wiki, naye alikuwa na harusi ya binti yake siku ya nne. Nikakubali, na hilo ni kosa langu. Taa ziliwaka usiku kucha. Asubuhi bolti mbili zilikuwa zinacheza ndani ya zege kama jino bovu, na tukalivunja lote kwa sururu.

Siku ya kuketisha injini, iweke juu ya vibati vya chuma kwenye kila bolti, pima maji kwa urefu na kwa upana, kaza nati kwa mkono tu. Kisha chukua saruji na mchanga sawa kwa sawa, tia maji kidogo sana, mchanganyiko uwe wa kuweza kufinyanga donge lisilochuruzika, uushindilie chini ya kitako chote kwa kijiti mpaka utokeze upande wa pili. Kitako kisichogusa chini mahali pamoja kitapinda nati zikikazwa, na kitako kilichopinda hupindisha na nyumba ya krenki. Baada ya siku tatu, kaza kwa spana, ukivuka pembe kwa pembe.

Kipimo changu cha kazi iliyokamilika ni glasi ya maji. Iweke juu ya zege injini ikiwa na mzigo. Ukiona viduara vidogo vilivyotulia juu ya maji, umefanya vizuri. Maji yakirukaruka, zima utafute. Iweke tena sakafuni, nje ya ule mchanga: maji yanapaswa kuwa kimya.

Injini iliyokuwa shwari ikaanza kutikisika, anza na nati za msingi, kisha nenda moja kwa moja kwenye kabari za magurudumu. Kabari ni kile kipande cha chuma chenye kichwa kinacholifunga gurudumu kwenye shafti. Ikilegea, utasikia mlio mzito, ngo, ngo, na fundi asiye makini atakuambia beringi ya konrodi imekwisha, akuvunjie injini bure. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye shafti hadi kwenye kitovu cha gurudumu. Washa, pakia mzigo, zima. Mistari ikiwa imeachana hata kwa unene wa ukucha, umempata mwizi. Usiigonge tu ikaingia. Itoe, uisugue kwa msasa wa chuma mpaka ikae imegusa sawasawa urefu wote, ndipo uipige. Na kabla ya kuyatoa magurudumu, yawekee alama, la kushoto na la kulia, na yalivyosimama kwenye krenki. Chuma cha uwiano kilicho ndani yake kikigeuzwa, au gurudumu likitoka kwenye injini nyingine, utatetemeka hadi uzeeni.

Kuna kishawishi kimoja nakuomba ukikatae. Mtu anaona umeme mdogo, anakaza springi ya gavana, injini inakwenda 850. Nguvu inayojaribu kulipasua gurudumu huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 650 hadi 850 ni ongezeko la asilimia 71. Magurudumu yenye spoku ni ya chuma cha kumwaga, na chuma hicho hakipindi kwanza ili kukuonya. Kikipasuka, kipande cha kilo 20 kinapita ukutani.

Kama injini yako ni mpya au ni nakala ambayo haijawahi kufunguliwa, fungua mlango wa krenki kabla ya kuwasha. Ingiza kidole kwenye kona za ndani. Mara nyingi utakuta mchanga wa kalibu ulioachwa kiwandani, umejificha chini ya rangi. Suuza kwa dizeli na brashi ngumu, futa, rudia, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Injini hizi nyingi hazina chujio la oili. Kilichomo ndani kitarushwa kwenye beringi. Mimi hubadilisha oili kila saa 100.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Jenereta ya poli nne inatoa hezi 50 inapozunguka mara 1,500. Injini ni 650, kwa hiyo uwiano wa puli ni 2.3. Ukipitisha mkanda bapa juu ya gurudumu lenyewe, nalo likiwa na kipenyo cha milimita 600, puli ya jenereta iwe karibu milimita 260. Nunua kipimo cha hezi, si ghali. Bila mzigo weka 52, ili mzigo ukipanda ibaki karibu na 50.

Utakapowasha taa mara ya kwanza huenda ukaona zinapepesa, kama mtu anapunga mkono mbele yake. Usikimbilie kulaumu jenereta. Injini inasukuma mara 325 kwa dakika, na katikati ya msukumo na msukumo inapunguza mwendo; jicho la mwanadamu linauona mpepeso huo wa mara 5 kwa sekunde. Angalia kwanza mkanda: kiungo cha chuma kilichofungwa vibaya kinagonga puli kila kinapopita, na mkanda uliolegea unateleza kila pigo. Mkanda ukiwa mzima na taa bado zinapepesa, ongeza uzito unaozunguka, na uuongeze upande wa jenereta. Huko mwendo ni mara 2.3, na akiba ya nguvu huenda kwa mraba, kwa hiyo kilo moja kwenye shafti ya jenereta inafanya kazi ya kilo 5 zilizokaa umbali uleule kutoka katikati ya shafti ya injini. Puli nzito ya chuma iliyochongwa sawasawa kwenye mashine ya kukereza inatosha. Iwe imelingana vizuri; puli ya kuchomelea vipande italeta mtetemo mpya, wa kasi zaidi, ndani ya jenereta.

Maji ya kupoza ni rahisi. Pipa la lita 200 linatosha, bila pampu, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanarudi, mradi bomba la juu liingie pipani chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka chini ya tundu hilo, mzunguko unakatika na silinda inaungua huku pipa likiwa limejaa robo tatu. Usiiache injini ikiwaka masaa bila mzigo. Masizi yataziba nozo na bomba la moshi. Moshi utoke nje, kwa bomba lenye kipande kinachonyumbulika karibu na injini, vinginevyo mtetemo utalikata kwenye shingo. Kipande cha namna hiyo kiwepo pia kwenye bomba la mafuta, na waya za umeme zizungushwe kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi. Moshi huo unaua bila harufu ya kukuamsha. Pasiwe na mtu anayelala chumba hicho. Na kama nyumba ina laini ya TANESCO, weka swichi ya kubadilishia inayokata upande mmoja kabisa kabla ya kuunga mwingine. Umeme wako ukirudi kwenye laini unamkuta fundi juu ya nguzo, mtu aliyeambiwa laini imezimwa.

Mkanda uwekee wavu wa chuma, pamoja na vichwa vya kabari. Kwenye mashine za kusaga tumezika akina mama walioshikwa kwa ncha ya khanga. Wavu huo ufungwe siku ileile ya kwanza, kabla taa hazijawaka na watu hawajaja kutazama.

Baada ya saa 10 za kwanza, zima, subiri injini ipoe, kaza nati zote nne za msingi, kagua kabari, kagua mkanda. Rudia kwenye saa 50. Ning'iniza daftari ukutani na kalamu imefungwa kwa uzi: tarehe, saa zilizokimbia, lita zilizoingia, siku ya oili, nati ipi ilikubali kusogea na kwa kiasi gani. Nati ileile ikisogea mara tatu mfululizo, itoe na uchungulie chini yake, maana zege la kona hiyo limeanza kupasuka.